Joto Ambalo Kipimajoto Hakilioni

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kwamba yule bwana wa mtaa wa Frogtown, fundi wa mashine za kupasha nyumba joto, amefariki. Moyo ulisimama akiwa kazini. Wasomaji wa siku nyingi mtanivumilia, leo sina habari nyingine.

Tulijuana kwa kosa langu. Katika majira yangu ya kwanza ya baridi hapa Saint Paul, Minnesota, nilimwaga birika zima la maji ya moto juu ya barafu ya ngazini, nikadhani nimeikomesha. Akapita, akacheka. "Umeiongezea nyingine juu, ndugu yangu. Ngoja kidogo uone itakavyong'aa." Kisha akanieleza kuwa joto linaloyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kupandisha maji yake kutoka sifuri hadi karibu digrii themanini, na muda wote barafu ikiyeyuka kipimajoto hubaki sifuri. Nilikwenda maktaba kuhakikisha. Vitabuni linaitwa joto fiche.

Mama yake fundi alipofariki Morogoro, fundi alimficha mdogo wake, aliyekuwa naye hapa, habari hizo mwezi mzima. Mdogo alikuwa akisubiri usaili wa makaratasi ya ukaazi. Angesafiri kuzika, asingeweza kurudi. Wengi wetu hapa tumefanya hivyo tukauita upendo. Makaratasi yalitoka, mdogo akaambiwa, akahamia Woodbury, mji wa jirani, hakusema naye tena. Kwa miaka tisa, kila Jumamosi, kaka alikwenda kumwondolea theluji ngazini au kumkatia nyasi, akabisha hodi, akarudi.

"Leo je?" nilikuwa nikimuuliza.

"Sifuri."

"Si uache tu, kaka?"

"Niache vipi, na sijui nimefika wapi? Barafu haisemi."

Kwenye maombolezo mdogo alikuja, akasimama nyuma kabisa. Akaninong'oneza, "Jumamosi hii nilikuwa nifungue." Huenda ni kweli.

Ningependa kuwaandikia kwamba joto lile halikupotea. Kwa hesabu halipotei: maji yakiganda tena, huliachia hewani, na hewa ya Minnesota haioneshi kuwa imepokea kitu. Kiasi cha kuyeyusha barafu kinajulikana. Cha mtu hakijaandikwa popote, na anayebisha hodi hawezi kukipima. Kwa hiyo wewe uliye ndani, ukisikia umeanza kulegea, fungua siku hiyohiyo.

Jumamosi nilipita nyumbani kwa mdogo, Woodbury. Ngazi zilikuwa nyeupe kwa theluji, bila unyayo wa kuingia wala wa kutoka.