Mwalimu Koni na Saa ya Kupaka Rangi

Watoto wa darasa la awali walimwita Mwalimu Koni, na wazazi wao, waliojiona wana adabu zaidi, walimwita hivyo hivyo akiwa hayupo. Jina lilitokana na picha aliyowachorea kila Ijumaa baada ya mapumziko: koni ya aiskrimu, mabonge matatu juu, na chini yake kaki yenye vijumba vidogo vidogo kama wavu. Aliichora mwenyewe kwa kalamu nyeusi, akaipitisha kwenye mashine ya kunakili, akarudi na bunda la karatasi kwapani. Hata hajaketi, darasa zima lilikuwa limeshaanza kulumbana.

"Mwalimu, yangu ya buluu!"

"Hakuna aiskrimu ya buluu, wewe!"

"Ipo! Mjomba aliniletea!"

"Mjomba wako alikuletea sabuni."

Mwalimu hakuamua kesi hizo. Yeye alitazama mikono. Mabonge yalikuwa mapana makusudi, kwa ajili ya mkono ambao bado unazunguka wote kuanzia begani. Vijumba vya kaki vilikuwa vya vidole vilivyoanza kutii. Mtoto akijaza vijumba vyake bila kulia, wiki inayofuata alipewa herufi. Kabla ya hapo hakupewa, hata mzazi aje kupiga magoti.

Alikuwa na sababu. Yeye alizaliwa anatumia mkono wa kushoto, na mwalimu wake wa kwanza aliufunga mkono huo kwa kitambaa ili ule wa kulia ufanye kazi. Mwaka mzima aliandika kwa mkono usiokuwa wake. Herufi zake zililala chali, zikaangukiana, zikatoboa karatasi, na kila siku aliambiwa kwamba ni mvivu. Alipomaliza masomo na kutangaza kwamba anakwenda kusomea ualimu wa watoto wadogo, mama yake alishika kiuno. "Kote duniani, mwanangu, unarudi darasa lile lile?"

"Nina ugomvi nalo, mama," alijibu. "Haujaisha."

Sasa ugomvi ulimfuata mwenyewe. Mwenye shule, ambaye walimu walimwita bosi usoni na Mkurugenzi kwenye vikao, alimwita ofisini akamkaribisha kiti kwa tabasamu pana. Walimu walilijua tabasamu hilo. Wawili waliofukuzwa mwaka uliopita walikaribishwa nalo.

"Mwalimu, mimi sina ubaya na aiskrimu," alianza. "Lakini shule ya mtaa wa pili watoto wa miaka minne wanaandika moja mpaka mia. Sisi tunapaka rangi koni. Wazazi wanataka namba."

"Namba zinakuja, bosi. Mikono mingine haijawa tayari."

"Ya jirani imekuwaje tayari?"

"Ya jirani inaandika huku inalia."

"Basi ilie, lakini iandike! Kuanzia Ijumaa ijayo, saa ya kupaka rangi ni saa ya namba. Jumamosi tuna kikao cha wazazi. Utawatangazia wewe mwenyewe."

"Nitawatangazia," alisema Mwalimu Koni, na tabasamu la bosi likapanuka zaidi.

Nyumbani, dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, aliacha kukunja nguo akamkodolea macho. "Atakutimua. Kwa ajili ya picha ya koni! Kazi zenyewe siku hizi unazijua zinavyopatikana?"

"Nazijua."

"Sasa si uinamishe kichwa tu, mdogo wangu, mambo yapite?"

"Niliinamisha mwaka mzima nikiwa na miaka mitano, dada. Shingo yangu imechoka."

Dada alirudi kwenye nguo zake, akazikunja kwa hasira kana kwamba ndizo zilizomjibu.

Jumamosi wazazi waliketi kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu. Mwalimu Koni aligawa karatasi za aiskrimu na kalamu za rangi. "Shikeni kwa mkono wa kushoto. Aliyezoea wa kushoto ashike kwa wa kulia. Jazeni rangi, msitoke nje ya mstari. Dakika tano. Atakayechelewa nitamuuliza mbele ya wenzake ana matatizo gani nyumbani."

Kicheko kilipasuka. "Mwalimu," alilalamika fundi magari mmoja, jitu la mtu, "mkono huu kazi yake kushikilia taa tu!"

"Leo umepandishwa cheo. Anza."

Bonge la kwanza walilijaza kwa mizaha. Walipofika kwenye vijumba, mizaha ikakauka. Bibi mmoja alitoa ulimi nje, akasahau kuurudisha. Fundi magari alikandamiza mpaka kalamu ikakatika, akakificha kipande chini ya paja.

"Shemeji, umetoka nje ya mstari," mama mwenye duka alimnong'oneza aliyeketi kando yake.

"Tazama yako! Hiyo aiskrimu au ajali?"

Mwalimu Koni alipita nyuma yao taratibu. "Mbona polepole? Wa shule ya jirani wameshamaliza."

Hakuna aliyecheka. Fundi magari aliweka kalamu mezani, akajikanda kiganja. "Kinauma, Mwalimu. Hapa, chini ya gumba."

"Binti yako alinionyesha hapo hapo."

Fundi alikiangalia kiganja chake kwa muda mrefu. Lakini baba mmoja mwenye tai, ambaye karatasi yake haikuguswa hata kidogo, alisimama. "Mimi nimeona mchezo, nimefurahi. Ila wangu aandike mpaka mia. Sikumleta hapa alambe karatasi." Wawili watatu waliitikia kwa vichwa, na minong'ono ikaanza kupigana pande zote mbili za darasa. Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama pembeni, alipiga makofi mara mbili.

"Wazazi, Mwalimu ana tangazo lenu."

Mwalimu Koni alisogea mbele. Aliwatazama wote, kisha akamtazama bosi bila kupepesa macho. "Mkurugenzi amenituma niwaambie kwamba saa ya kupaka rangi imefutwa. Nimewaambia. Sasa nawaambia la kwangu: mimi siifuti."

Hapo tabasamu la bosi, kwa mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe, lilipotea kabisa.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu Koni alikuta kabati la darasa limefungwa kwa kufuli jipya. Karatasi zote zilikuwa ndani, kalamu za rangi zilikuwa ndani, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mkurugenzi. Watoto walimtazama mwalimu, wakatazama kufuli, wakamtazama tena mwalimu.

"Leo hatuli aiskrimu?" aliuliza binti wa fundi magari, kwa sauti ndogo.

"Nani kasema? Sukumeni meza ukutani."

Meza zikasukumwa kwa kelele za kutosha kuwaamsha walio mtaa wa pili. Mwalimu Koni alitoa chaki za rangi mkobani, akapiga magoti kwenye saruji, akaanza kuchora. Ncha ya koni aliiweka chini ya ubao. Kaki ikapanda na vijumba vyake, kila kimoja sawa na sahani, ikapita madirisha. Mabonge matatu yakafuata, na la mwisho likagusa kizingiti cha mlango. Watoto walivamia sakafu. Wenye mikono mizito walijitupa kwenye mabonge wakasugua kwa mabega yote. Binti wa fundi alijichagulia kijumba kimoja, akaanza kukijaza polepole, kona kwa kona.

Mkurugenzi alifika akiwa na chati ya namba mkononi. Aliinua mguu aingie.

"Usikanyage!" darasa zima lilipiga ukelele.

"Itayeyuka!" aliongeza mmoja.

Mguu ulibaki hewani kidogo, kisha ukarudi ulikotoka. "Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "toka nje tuzungumze."

"Siwezi, bosi. Nikitoka nitaikanyaga."

"Unajua naweza kukufukuza leo hii?"

"Najua. Kanifukuzie ofisini, saa ikiisha nitakuja kusikia. Lakini saa hii ni yao. Ijumaa ijayo pia ni yao, na kama ni mwingine atakayekuwa amesimama hapa, hawa watamwambia meza zinasukumwa upande gani."

"Kule!" walionyesha watoto kadhaa, bila kuinua vichwa.

Bosi aliibana chati ya namba kwapani. Binti wa fundi alikuwa ameshamaliza kijumba chake, rangi imekaa ndani ya mistari yote minne, naye hakuomba sifa kwa mtu. Alihamia cha pili.

"Mwalimu," mtoto mmoja aliita kutoka mlangoni, chaki mkononi, "mimi sina nafasi. Mabonge yamejaa."

Mwalimu Koni alitazama. Kweli yalikuwa yamejaa. Alitambaa mpaka kizingitini, akaweka chaki sakafuni mbele ya viatu vya Mkurugenzi, akaanza kuchora bonge la nne likitokeza nje kwenye ukumbi, pana, la duara.

Mkurugenzi alirudi nyuma hatua moja. Bonge likaendelea. Akarudi nyingine.