Akuam Aliyekataa Dawa ya Injini

Mimi ndiye niliyeileta ile dawa Isiolo, kwa hiyo tuanze na kosa langu kabla hamjaambiwa na wengine. Naitwa Ephantus. Nina duka la spea za pikipiki hapa mjini, mwaka wa kumi na tisa sasa, na si mtu wa kukiri kosa upesi. Muulizeni mke wangu Gacheri, Mama Wanjiru. Lakini huwezi kumwelewa Akuam bila kuanzia kwenye chupa nyekundu nilizopanga dirishani, na ubao nilioandika kwa mkono wangu mwenyewe: DAWA YA INJINI, INAONGEZA NGUVU, INAMALIZA MOSHI.

Akuam ni Mturkana wa upande wa Kipsing, mjane mwenye watoto watatu, mrefu, na sauti yake haipandi hata akikasirika. Ufundi hakufundishwa na mtu. Mumewe alimwachia pikipiki iliyokufa, na mafundi wote wa mjini wakamshauri aiuze kama chuma chakavu. Akatandika gunia uani, akaifungua injini yote, akapanga kila kipande kwa mpangilio kilivyotoka, kama mtu anayegawa nyama ya mbuzi na hataki fungu la yeyote lipotee. Siku ya tatu alikuja dukani na kipande kimoja kilichovunjika, akaomba kingine kama hicho, basi. Jioni hiyo pikipiki ikanguruma, na ndiyo anayoendesha mpaka leo.

Miaka sita ameitumia kubebea maziwa ya ngamia. Kikundi cha akina mama wanaouza maziwa, ambacho mwenyekiti wake ni Shuriye, kina waendeshaji wanne. Wanatoka alfajiri kwenda kwa wafugaji upande wa Leparua, na maziwa lazima yafike mjini kabla ya saa tatu, basi la Nairobi linapoondoka. Yakichelewa, yanachacha. Kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba ya Akuam na kuwaweka watoto wake shuleni.

Sasa, Jarso, mwendeshaji mwenzake na mpiga domo hodari, alikuwa wa kwanza kununua dawa yangu. Alizunguka nayo mjini siku mbili bila mzigo, akarudi akisema injini imelainika, imenyamaza, haijui hata imezeeka. Wengine wawili wakamfuata. Shuriye aliposikia sifa hizo akachukua katoni nzima, akatangaza kwamba pikipiki zote za kikundi zitawekewa.

Akuam akakataa. Alikuja dukani, akanikuta na Shuriye na Jarso, akaigeuza chupa mkononi, akaisoma mbele na nyuma bila haraka.

"Baba Wanjiru, hii imetengenezewa gari ama pikipiki?"

Nikamwambia injini ni injini.

"Hapana. Gari iko na klachi yake kando, mahali pakavu. Klachi ya pikipiki inakaa ndani ya oili moja na injini. Ukiweka kitu ya kufanya vyuma viteleze, hata klachi itateleza."

Nikacheka. Mimi mwenye duka, niliyeuza klachi maelfu, nikacheka. Jarso alicheka zaidi, akamuuliza kama pikipiki yake inaamini mitishamba peke yake. Lakini Shuriye hakucheka. Alisema maziwa si kitu cha kujaribia, kwamba Jumatatu wote wanne wataenda pamoja, na pikipiki ya Akuam ikikwama, Jumanne hatatumwa tena. Akuam alijibu "sawa, mwenyekiti," akaenda kubadilisha oili yake, oili mpya ya pikipiki, bila dawa.

Hapo tamaa ikaniingia. Niliona tangazo kichwani: pikipiki tatu zenye dawa yangu zinapita kwa fahari, na ile moja ya mkaidi imekwama. Jumatatu alfajiri nikapanda nyuma ya Jarso, nikashuka kwenye laga, ule mto mkavu wa mchanga mtupu ambao kila mtu lazima auvuke akirudi na mzigo. Nikaegemeza simu juu ya jiwe, nikangoja.

Saa moja na nusu nikawasikia. Jarso akatokea mbele, mitungi minne ya maziwa imefungwa nyuma. Nikaanza kurekodi. Akaingia mchangani kwa kasi, na katikati ya laga injini ikaanza kulia, juu, juu zaidi, lakini gurudumu halisukumi. Pikipiki ikasimama ikipiga kelele, na harufu ya kuungua ikanifikia pale jiweni. Wa pili akakwama nyuma yake. Wa tatu alifika karibu na ukingo, akaongeza mafuta mpaka masikio yakaniuma, akarudi nyuma polepole kama aliyebadili mawazo.

Kisha akaja Akuam. Nasema ukweli: niliomba akwame. Aliingia kwa gia ya chini, bila pupa, akawapita wote watatu, gurudumu likiuma mchanga kila mzunguko, akapanda ukingo wa pili. Na mimi, mwenye chupa dirishani, nikajikuta nimeruka juu ninashangilia kama mwendawazimu. Ilipendeza mno kuona kitu kinachofanya kazi yake sawasawa.

Hakutazama nyuma kwa kejeli. Alishusha mitungi yake kivulini, akaifunika kwa gunia bichi, akarudi mchangani. Alivusha mitungi ya wenzake yote kumi na miwili, safari tatu, huku wao na mimi tukisukuma pikipiki zao. Ng'ambo akawaambia wangoje injini zipoe, kila mmoja abebe mitungi mitatu tu, waende polepole kwenye ardhi ngumu. Yeye akapakia saba. Kwa nyuma ulimwona kichwa tu.

Kwangu hakukubaki nafasi. Nilifika mjini kwa miguu saa sita, viatu vimejaa mchanga, nikakuta nje ya duka langu akina mama wanaimba. Maziwa yote yalikuwa yamefika robo saa kabla ya basi kuondoka. Akuam alikuwa amechuchumaa juu ya gunia katikati yao, klachi ya Jarso imefunguliwa. Akanipa sahani moja ya klachi.

"Shika, Baba Wanjiru. Kazi ya hii ni kushikana."

Niliisugua kwa kidole gumba. Ilikuwa inateleza kama sabuni. Shuriye akamuuliza mbele ya watu wote: hii dawa inafanya kazi au haifanyi?

"Inafanya," Akuam akasema. "Iliahidi kuleta utelezi na imeleta. Lakini oili nzuri inatoka kiwandani ikiwa na kila kitu injini inahitaji. Badilisha kwa wakati, safisha filta ya hewa, hiyo ndiyo dawa."

Vigelegele vilipasua anga. Shuriye akatangaza papo hapo kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayegusa pikipiki ya kikundi bila ruhusa ya Akuam. Jarso, kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwake, akasema, "Mama, nisamehe," kisha akaomba afundishwe kuosha sahani zile.

Ubao niliutoa mwenyewe. Nikaugeuza, nikaandika upande wa pili: AKUAM, FUNDI WA PIKIPIKI, na sasa umening'inia mbele ya duka langu, ambako ana gereji yake na foleni isiyoisha. Video sikuifuta. Mteja akija kutafuta ile chupa, namwonyesha: pikipiki tatu zimekwama, mwanamke anapita, halafu sauti ya mtu nyuma ya simu anayeshangilia mpaka inakauka. Wengi huniuliza huyo anayefurahi hivyo ni nani.

Nawaambia ni mwenye dawa.