Gari Lisilosimama Kusalimia

Gari letu lilinuka petroli, turubai lililolowa na maganda ya machungwa. Lilikuwa gari kuukuu la jeshi ambalo baba alilinunua mnadani, bado na rangi yake ya kijani, nasi nyumbani tukalipachika jina la Afande. Baba alilitumia kubeba machungwa kutoka Kikoneni hadi sokoni Kona ya Musa, kule Ukunda. Msimu ule nilikuwa na miaka tisa, shule zimefungwa, na kazi yangu ilikuwa kukaa mbele nikiushikilia mlango kwa kamba usifunguke. Honi ililia yenyewe kila tulipokata kona ya kushoto, tutake tusitake. Hayo tuliyazoea. Tatizo hasa ni kwamba starta ilikufa zamani, na baba akiondoa tu mguu kwenye mafuta, injini ilizima. Kwa hiyo alililaza gari kwenye mteremko wa juu ya nyumba yetu, na asubuhi akaliachia lishuke mpaka liwake. Likishawaka, halikusimama tena mpaka sokoni.

Kwetu, mtu hampiti mzee njiani hivi hivi. Ukiwa juu ya baiskeli unashuka, unaamkia, unaulizwa habari za nyumbani na za shamba, nawe unauliza zake. Baba aliyajua hayo vizuri sana. Lakini Mzee Bakari, fundi wa vitanda aliyefanyia kazi barazani kwake kando ya barabara, alikaa mahali tambarare kabisa. Kusimama pale kulihitaji watu sita wa kusukuma. Basi baba alipunguza mwendo kidogo, akatoa kichwa na kupaza sauti, "Shikamoo, mzee." Jibu hatukulisikia. Nikigeuka nyuma nilimwona mzee akipangusa vumbi letu kwenye mbao zake, na mimi, kwa utoto, nilicheka.

Kicheko kiliniisha siku posa ya Ami Salimu, mdogo wake baba, ilipokataliwa. Alikuwa akimtaka Riziki, binti wa Mzee Bakari. Mshenga alirudi na ujumbe kwamba kijana hana neno, ila mzee hawezi kumwoza mwanawe kwenye nyumba ambayo watu wake wanamtupia salamu kama kuku anavyotupiwa mtama. Ami alishinda siku mbili bila kula. Baba akasema atakwenda mwenyewe kueleza.

"Baba Mwanaisha, nenda kwa miguu," mama alimwambia.

Baba alikataa. Tulikwenda Ijumaa baada ya sala, yeye, ami na mimi, na gari lilizima pale pale mbele ya baraza. Baba alishuka, akavua kofia na kuamkia.

"Marahaba," mzee alijibu. "Leo umepata nafasi."

Baba hakujitetea. Alimwomba mzee akae kwenye usukani aliwashe mwenyewe. Mzee Bakari alizungusha ufunguo, kimya. Akazungusha tena. Akaiangalia ile kamba ya mlango mkononi mwangu, kisha akamtazama baba.

"Na hili ndilo unaloendea Ukunda kila siku?"

"Ndilo, mzee."

"Kumbe siku zote hizi nimeikasirikia starta."

Posa ilikubaliwa kwa sharti moja: baba asimame pale kila asubuhi asalimie sawasawa, na wana wa mzee watalisukuma gari. Ikawa hivyo mpaka msimu ukaisha. Vijana walisukuma, mzee akauliza habari za kila mtu wa nyumba yetu, nasi tukafika sokoni tumechelewa. Ami alianza kula, tena kupita kiasi.

Siku hizi naendesha gari la kuwashwa kwa kitufe. Mwezi uliopita nilipita Kikoneni kikazi, vioo vimefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Jioni Riziki, ambaye sasa ni mama wa watu wazima, alinipigia simu. Alisema alisimama kando ya barabara akanipungia mkono.

"Nilijua una haraka, mwanangu. Hata sikukasirika."

Niliona haya. Afadhali angekasirika, kama babake alivyokasirika, maana hasira ile ilitutaka tusimame. Baba alikuwa na starta mbovu ya kumtetea. Gari langu ni zima kabisa.