Pasta ya mkono niliyompikia binti yangu Jumamosi ya baridi, Tassia

Wakuu, poleni na baridi ya Julai.

Nimekuwa msomaji tu humu miaka mingi, nikicheka na ndoa za watu, leo ni zamu yangu. Ninayoandika yalitokea Jumamosi iliyopita. Sijaongeza chumvi, na ningefurahi sana kama ningekuwa nimeongeza.

Wale wa "nyinyi madada wa Gulf tunawajua", piteni kushoto. Nilishajitukana vya kutosha.

Nianze na mimi. Nilienda Gulf, kule Uarabuni, kufanya kazi za nyumba nikiacha mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Baba yake msiniulize, hata yeye mwenyewe hajiulizi. Mtoto alibaki na dada yangu mkubwa, Mama Tevin, anayekaa Donholm. Nilisema naenda miaka miwili. Nikarudi baada ya minane.

Hapo katikati nilikuja likizo mara mbili. Mara zote mbili mtoto alijificha nyuma ya mlango wa jikoni mpaka siku za kuondoka zikakaribia.

Anaitwa Nekesa. Ana miaka tisa, anaelekea kumi. Mama Tevin anamwita "Mum". Mimi, akiwa mdogo, alikuwa ananiita "mum wa simu". Sasa amekua na ana adabu, kwa hiyo haniiti kitu. Akitaka kuniongelesha anasubiri kwanza nimwangalie.

Niliporudi mwaka huu nilipanga one bedroom hapa Tassia, floor ya tano. Nikanunua kitanda cha mtoto na blanketi la pinki. Tukakubaliana na Mama Tevin hivi: Nekesa aje kwangu Jumamosi, mchana kutwa, sisi wawili tu. Siku ikienda vizuri, shule zikifungwa Agosti anahamia kwangu. Isipoenda vizuri, hatukusema itakuwaje.

Nilimpigia simu kumuuliza anataka kula nini. Akafikiria kidogo.

"Spaghetti."

Wakuu, nilifurahi kama mtu aliyeiba mtihani. Mama wa ile nyumba niliyofanya kazi, mamake mzazi alikuwa Mwitaliano, na pasta ya paketi haikuruhusiwa kuingia jikoni kwake. Alinifundisha mwenyewe kuikanda kwa mkono, akinigonga vidole na kijiko nikikosea. Miaka minane, mara mbili tatu kwa wiki. Watoto wake watatu wakisikia harufu ya sosi walikuwa wanakuja mbio kunikumbatia miguu.

Nikajiambia, kama watoto wa watu walinipenda kwa sababu ya unga na mayai, huyu wangu atashindwa aje?

Jumamosi iliamka na manyunyu. Nguo nilizofua Alhamisi bado zilikuwa zimeanikwa sebuleni, zinanuka unyevu. Hapa kwetu majengo yamebanana hivi kwamba jirani wa ng'ambo akiniomba chumvi naweza kumpitishia dirishani, sasa hilo jua la kukausha nguo litapitia wapi? Maji nayo hayakuwa yamepanda. Nikalipia mitungi miwili ipandishwe, kwa sababu pasta haichemshwi kwa kikombe cha maji, inataka sufuria kubwa.

Nilikuwa nimetafuta mayai ya kienyeji tangu Ijumaa. Ya gredi, ya kuku wa kisasa, yapo kila duka, lakini kiini chake kimepauka, na mimi nilitaka pasta iwe ya njano kabisa. Nikapata manne kwa mama mmoja wa mboga, akanifungia kwa gazeti moja moja.

Kwa wanaotaka kujua: unga wa ngano karibu nusu kilo, mayai manne, chumvi kidogo. Unamwaga unga mezani, unatengeneza shimo katikati, mayai yanaingia hapo. Maji hapana. Halafu unakanda mpaka mabega yakuume. Siku ya baridi huo unga unakuwa mgumu kama sabuni ya kipande. Niliukanda, nikaufunga kwa karatasi ya nailoni, nikauweka karibu na meko upate joto, na maganda ya mayai nikayatupa pamoja na takataka zingine.

Nekesa aliletwa saa tano. Mama Tevin hakuingia, alikuwa anakimbilia chama chao cha akina mama.

"Kila kitu kiko kwa bag yake," akasema kutoka ngazini, akashuka.

Kila kitu. Nilidhani ni sweta.

Mtoto alisimama katikati ya nyumba akiangalia nguo zilizoanikwa. Nikamwambia, "Neki, njoo unisaidie kupika." Akaja, akaangalia lile donge nililokuwa nimelirudisha mezani.

"Ni chapo?"

"Si chapati. Ni spaghetti."

Akacheka! Mara ya kwanza nacheka na mtoto wangu tukiwa chumba kimoja. "Spaghetti inatokanga kwa paketi," akaniambia, kama mtu anayemsahihisha mgeni.

Nikamwambia ngoja uone. Nikasukuma kwa kile kifimbo cha chapati, kwa sababu mashine ya kusukumia niliiacha kwa wenyewe. Nilisukuma mpaka ukiweka mkono chini yake unauona. Nikanyunyizia unga, nikakunja, nikampa kisu kisicho makali akate nyuzi. Zake zilitoka nene, zingine kama mshipi wa suruali. Nikaziacha hivyo hivyo. Tukazianika kwa hanger, katikati ya soksi na sare za kazi. Akasema jirani akiona atadhani tunafua spaghetti. Tukacheka tena wote wawili.

Nawaambia ukweli, hapo nilishahamisha mtoto. Kichwani mwangu ilikuwa Agosti tayari.

Kitu kimoja nilikiona na sikukiona. Alikuwa anajikuna viganja. Nikamuuliza, akasema vinawasha kidogo. Nikamwambia ni baridi, nikampaka mafuta.

Sosi ilikuwa ya nyanya, kitunguu saumu na nyama ya kusaga. Nyuzi zikaingia kwa maji yanayochemka, dakika tatu tu, zikatoka za njano vile nilivyotaka. Mvuke wa chakula ukajaza nyumba, dirisha likawa jeupe. Nekesa akala haraka, akafuta sahani kwa uma.

"Iko poa," akasema. "Naweza ongezwa?"

Nilimwongeza nikiwa nimempa mgongo, kwa sababu machozi yalikuwa karibu na sikutaka aone.

Nilipogeuka alikuwa ameshika shingo. Mdomo wa juu umevimba. Shingoni vipele vilikuwa vimetoka, vyekundu, vikubwa.

Akaangalia sahani, halafu akaniangalia mimi. Akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Hii iko na mayai?"

Na mimi, wakuu, nikajibu kwa majivuno. Nasema kweli, kwa majivuno kabisa. "Eeh, manne! Ya kienyeji!"

Akaweka uma chini polepole.

"Nipigie Mum."

Simu yangu ilikuwa mezani na nilibaki nimeiangalia. Kwa sekunde moja sikuelewa anataka nipigie nani.

Mama Tevin alishika mara ya kwanza. Sikumaliza sentensi.

"Umempea mayai? We! Kuna dawa kwa bag, mfuko ya mbele. Mpee saa hii halafu ushuke na yeye kliniki. Usiningoje, toka!"

Dawa ilikuwepo, mfuko wa mbele, na kijiko chake kimefungwa kwa leso safi. Nilimpa, nikambeba floor tano. Mtoto wa miaka tisa ni mzito, lakini siku ile sikuhisi uzito wowote. Nilihisi pumzi yake tu shingoni mwangu, inapiga filimbi.

Kliniki iko majengo mawili kutoka kwetu. Daktari alimpokea haraka, nashukuru Mungu. Akamdunga sindano huku akiuliza maswali.

"Ako na kilo ngapi?"

Sikujua.

"Kuna dawa haelewani nayo?"

Sikujua.

"Ashawahi kulazwa na hii kitu?"

Nekesa akajibu mwenyewe, na ule mdomo uliovimba: "Mara moja. Nilikuwa nursery." Akataja na kilo zake.

Daktari akaniangalia. Hakuwa na ubaya, alikuwa anajaza fomu tu. "Na wewe ni nani yake?"

"Mamake."

Akaandika. Lakini alichelewa kidogo kuandika, na mimi nilimwona.

Mama Tevin alifika akiwa na slipa alizokurupuka nazo kwenye chama, moja ya buluu, yake, na nyingine ya mtu. Muda wote Nekesa alikuwa amekaa mgongo wima kama yuko ofisini. Alipomwona akalia. Alimwegemea tumboni, akalia vile mtoto analia akijua amefika. Nilikuwa nimeshika sweta lake, nikaendelea kulishika.

Baada ya muda vipele vikaanza kushuka, filimbi ikaisha kifuani. Daktari alisema akae pale aangaliwe. Tukatoka nje kidogo, mimi na dadangu, kwa yale manyunyu.

Nikaanza mimi, kwa hasira ya mtu aliyekosa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Akiwa nursery, tukitoka hosi. Nikakutumia voice note. Na ukanijibu."

"Lakini yeye ndiye alisema spaghetti!"

"Spaghetti anakulanga kila wiki," akasema. "Ya paketi haina mayai. Nasomanga paketi zote."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Mpaka leo niko na yale mazungumzo yetu yote, simu nimebadilisha lakini chats nilizihamisha. Niliyatafuta. Voice note iko hapo, ya dakika tatu na kitu. Sauti ya dadangu imechoka, anaeleza walivyokimbia na mtoto, daktari alivyosema, mayai asiguse, hata yaliyo ndani ya chakula. Chini yake ni jibu langu: "Sawa dear, poleni, Mungu yupo," na mikono ya maombi.

Nililituma kabla hata dakika moja haijaisha. Voice note ni ya dakika tatu. Hesabu fanyeni wenyewe.

Sasa niwape lile linaloniuma kuliko yote. Kwa ile nyumba ya Gulf, mtoto wao wa pili alikuwa haguswi na karanga wala korosho. Siku ya kwanza niliambiwa mara moja tu. Miaka minane sikuwahi kukosea. Nilikuwa nasoma kila paketi, nyuma na mbele, maandishi madogo kabisa. Watu wakileta keki ya sherehe namtoa mtoto mezani kwanza, halafu nauliza. Kilo zake nilizijua. Ukiniamsha saa hii nakutajia dawa yake na inakaa droo gani.

Hiyo ni kazi nilikuwa nalipwa, mtasema. Ndiyo. Ndiyo maana niliijua.

Saa kumi jioni waliondoka kurudi Donholm. Nekesa alivaa sweta, akafunga bag, akaja akasimama mbele yangu, akasubiri nimwangalie.

"Asante kwa lunch," akasema.

Vile unamwambia mama wa rafiki yako.

Nikamuuliza Mama Tevin kuhusu Agosti. Akamshika mtoto mkono. "Hiyo ya Agosti wacha kwanza."

Nilipopanda nyumbani nyuzi zilizobaki zilikuwa bado kwa hanger. Kwa baridi ile hazikuwa zimekauka, zilikuwa zimeshikana na soksi. Nikazitupa zote, na zile zake nene pia. Hizo zake najuta kutupa.

Jumapili asubuhi nilimwandikia dadangu ujumbe mmoja: niambie kila kitu kumhusu, usiache hata kimoja. Akatuma voice note ya dakika kumi na moja. Nilikaa chini na kalamu.

Hapendi utandu wa maziwa kwa chai. Analala akiangalia ukuta. Anaogopa mbwa lakini hatakubali. Kiatu cha kushoto huisha kabla ya cha kulia. Akinyamaza sana, kuna kitu shuleni, usimuulize hapo hapo, ngoja mkiosha vyombo. Mayai hapana, keki uliza kwanza, mandazi ya kununua uliza.

Na mwisho kabisa, dakika ya kumi, kama kitu alichokuwa karibu kusahau: "Na usimwite Neki. Hiyo jina alikataa kitambo, kuna vijana walikuwa wanamchekelea nayo class two. Hakuna mtu humwita hivyo."

Siku nzima, wakuu. Nilimwita Neki siku nzima, na akaitika kila mara, kwa adabu.

Somo langu si kwamba watu wasiende kutafuta. Mtaenda, na mimi pengine ningeenda tena, kodi haijui machozi. Lakini nilikuwa nikipiga simu nauliza nimletee nini. Viatu saizi gani, rangi gani. Sikuwahi kuuliza ni kitu gani hatakiwi kupewa.

Uzi ni wenu sasa. Walio na watoto waliolelewa na wengine, niambieni mlianzia wapi, kama kuna pa kuanzia. Wa kutukana pia karibuni, ila kabla hujaandika fungua simu yako, tafuta ile voice note ndefu ya nyumbani uliyoijibu kabla haijaisha, uisikilize mpaka mwisho.

Mimi nitawangoja hapa.