Mzee wa Wembley na Majimbo ya India

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya basi: mzee wangu wa Wembley amefariki. Binti yake alinitumia ujumbe wa mistari miwili, kwa Kiingereza, kwamba amekwenda akiwa usingizini na kwamba kifuani mwake walikuta atlasi imefunguliwa ukurasa wa Asia ya Kati. Nikausoma mara mbili, nikacheka, nikaona haya kucheka mbele za watu, kisha nikacheka tena. Alikuwa na miaka themanini na moja. Wasomaji wa safu hii hamkumjua, na jina lake sitalitaja, kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwa, alipenda kuulizwa. Nataka tu kueleza alivyonifundisha historia ya India na jiografia ya dunia, na jinsi mafunzo hayo yalivyoninyang'anya kazi ambayo nilikuwa nimekwisha kuipata.

Alizaliwa Tanga, baba yake akiwa karani katika shamba la mkonge, na Kiswahili chake kilibaki cha Tanga mpaka mwisho. Alipofika miaka kumi na tisa alipelekwa kwa mjomba wake Gujarat, India, ili atafute kazi ya reli. Huko kila kazi ya serikali ilikuwa na usaili wa kuandika, na kila usaili ulikuwa na maswali ya maarifa ya jumla: nani alitawala wapi, mto upi unaishia wapi. “Nikaulizwa Yamuna unakutana na Ganga katika mji gani,” alinisimulia. “Mimi bwana naujua Pangani, tangu unakotoka mpaka unakomwagika. Yamuna nitaujulia wapi? Nikaandika Bombay. Mto uko kaskazini huko, mimi nimeuvusha nchi nzima!” Msimamizi alilisoma jibu lile kwa sauti na ukumbi mzima ukacheka. Hakupata kazi. Alikuja London, akauza tiketi katika kituo cha treni za chini ya ardhi mpaka alipostaafu, na muda wote huo aliendelea kujiandaa kwa mtihani ambao hakuna mtu angemtungia tena.

Tulikutana katika maktaba ya mtaani. Mimi nilikuwa mpakiaji katika ghala, nina miaka arobaini na sita, na daktari alikuwa ameniambia kwamba mgongo wangu hautastahimili mizigo kwa mwaka mwingine. Siku hiyo nilikuwa kwenye simu na dada yangu wa Morogoro, nikimsomea tangazo: kampuni moja ya kuwatembeza London watalii kutoka India ilikuwa inatafuta waongozaji. Usaili ni maswali hamsini, nusu historia ya India, nusu jiografia ya dunia, na anayepata chini ya thelathini na tano asirudi. Nilipokata simu, mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa meza ya pili akageuka.

“Yamuna unakutana na Ganga wapi?”

“Shikamoo,” nilisema.

“Marahaba. Hujui. Mtihani lini?”

“Baada ya wiki sita.”

“Basi kesho saa nne, mgahawa ule wa pembeni. Chai unalipa wewe.”

Alikuja na kitabu cha maswali na majibu alichokinunua alipokuwa kijana, ambacho sasa kilikuwa kimenenepa mara mbili ya unene wake wa kwanza. Kila tarehe mosi Januari alikuwa akikipitia ukurasa kwa ukurasa. Nchi iliyobadili jina, mji mkuu uliohamishwa, jimbo lililogawanywa, vyote alivibandikia kikaratasi chenye jibu jipya kwa gundi. Kurasa nyingine zilikuwa na vikaratasi vitatu, kimoja juu ya kingine. Hakuniruhusu kukariri. Nilipotaja miaka ya vita vitatu vya Panipat, mji ulio kaskazini mwa Delhi, bila kukosea, alikunja uso. “Kwa nini vyote vitatu pale pale? Hawakuona mahali pengine?” Akavuta sahani ya bhajia upande mmoja, ikawa Himalaya, akamwaga chumvi upande wa pili, ikawa jangwa la Thar, kikombe changu akakiita Delhi. “Jeshi linatoka kaskazini magharibi, linaitaka Delhi. Litapita wapi?” Nikamwonyesha ule upenyo wa katikati. “Ehe! Wamegombania kituo kimoja cha basi, hao!” Binti yake, ambaye siku hiyo alikuja kumchukua, akamwambia kwa Kiingereza amwache mgeni ale. “Hajafika Delhi bado,” alijibu mzee, na bhajia zikapoa.

Nilipata thelathini na tano kamili. Nilimpelekea karatasi mgahawani siku hiyo hiyo, nikaagiza chai na kachori, na mzee akainuka akanishika mkono kama anayeniozesha binti yake. Kisha akavaa miwani na kuanza kulipitia swali moja moja, kwa kuwa hakujua kusherehekea kwa njia nyingine. Alipofika swali la ishirini na mbili, India ina majimbo mangapi, kidole chake kilisimama. Nilikuwa nimeandika ishirini na tisa, na wamenipa tiki.

“Ni ishirini na nane,” alisema polepole.

“Mzee, kitabu chako kimesema ishirini na tisa.”

Akakifungua. Kikaratasi kilikuwepo, kwa mwandiko wake: ishirini na tisa. Jimbo la Jammu na Kashmir lilikuwa limekwisha kuvunjwa na kuwa maeneo mawili yanayosimamiwa na serikali kuu, na Januari iliyofuata ndiyo Januari ambayo mzee alikuwa amepasuliwa macho, asiweze kusoma. Alidhani alikipitia baadaye. “Nimekosea mimi, umekosea wewe, wamekosea na wao,” alisema. “Watatu wote tumekubaliana na uongo.” Nilimwuliza nifanye nini. “Mgongo ni wako, bwana. Mimi sitii neno.” Akanywa chai yake yote, akaongeza kwa upole: “Ila yuko mtu aliyeandika ishirini na nane.”

Sentensi hiyo ndiyo iliyonishinda. Kazi ilikuwa ianze Jumatatu na barua ya kuacha kazi ya ghala nilikuwa nimekwisha kuiandika. Ijumaa nilikwenda ofisi ya kampuni nikamweleza mama aliyesimamia usaili. Aliangalia kwenye kompyuta yake, akashusha pumzi. “Unaelewa kwamba sasa una thelathini na nne?” Nilisema ninaelewa. “Na kwamba itabidi tusahihishe upya karatasi zote?” Nilisema hilo pia ninalielewa. Alinishukuru kwa heshima kubwa, akanifungulia mlango, na Jumatatu nilikuwa ghalani nikiinua maboksi ya vigae. Sitawadanganya kwamba nilijisikia mwema. Nilimchukia mzee kwa siku tisa. Siku ya kumi nilimkuta mgahawani, kitabu mezani, kikaratasi kipya kikiwa bado kina unyevu wa gundi.

“Umechelewa,” alisema. “Watafanya usaili mwingine baada ya miezi minne.”

Safari hiyo nilipata arobaini na sita kati ya hamsini. Nilimpigia simu nikiwa bado mtaani, mbio mbio, pumzi zikinikatika. Mzee akauliza: “Manne yapi?”

Katika wiki yangu ya kwanza kazini, mwongozaji aliyepewa jukumu la kunionyesha njia alikuwa mama wa Bukavu, mcheshi, ambaye zamani alisafisha ofisi. Tulipokuwa tunawangoja wageni washuke, nilimwuliza aliingiaje. “Wee kaka, yangu ni muujiza,” alisema. “Walisema nimeanguka, pointi moja tu! Nikalia mpaka watoto wakaniogopa. Kisha wakaniita: mama, rudi, kumbe jibu yako ilikuwa sawa. Ile ya majimbo. Niliisoma kwa simu asubuhi ile ile, ndani ya treni.” Nilimwambia mimi ndiye wa ishirini na tisa. Alinipiga begani kwa nguvu ambayo mgongo wangu unaikumbuka. “Kumbe ni weye! Wiki sita unasoma kitabu, na mie vituo viwili vya treni!” Mzee nilipomsimulia hayo alicheka mpaka akavua miwani.

Nimekuwa nikifikiri juu ya mambo haya tangu tulipomsindikiza. Watu wa rika langu tulilelewa tukiamini kwamba jibu ni kitu kilichokamilika: unalipata kwa mwalimu, unalitunza, unalitoa siku ya mtihani, na atakayekuuliza zaidi anakutafutia ubaya. Watoto wetu hapa London wanaona jibu liko kwenye simu, hivyo halina haja ya kutunzwa. Mzee hakuwa upande wowote. Kwake jibu lilikuwa kama bustani, likiachwa msimu mmoja linaota magugu, na mwenye kulima hana wa kumlaumu. Alinionyesha pia jambo ambalo sikulisoma popote: kosa linaloninufaisha halibaki kwenye karatasi yangu peke yake. Nikinyamaza, kuna mtu mahali fulani, ambaye simjui, anarudi nyumbani akiamini kwamba hakujua, ilhali alijua, na watoto wake wanamwona analia. Kumtafuta mtu huyo ni kazi ngumu. Kwenda kusema nimekosea ni safari ya basi moja.