Siku Nilipomruka Mama

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, kule Mofu, nilimvunja mama yangu goti. Ndivyo nilivyoamini.

Mama alikuwa amekaa mkekani, miguu kainyoosha, anachambua mchele. Nikamruka. Bibi akanikemea: "Rudi umruke tena, la sivyo utamwachia mkosi miguuni." Nikakimbia zangu nikicheka. Nilikuwa mkaidi kwelikweli.

Kesho yake mama akateleza kwenye tope akitoka shambani, akagonga goti kwenye ukingo wa saruji wa kisima. Wakambeba hadi barazani, goti limevimba, jasho linamtoka. Mjomba akataka kumchua kwa mafuta ya moto. Bahati nzuri tabibu wa zahanati, kijana mpole, alifika mapema.

"Shikamoo, bibi. Asichuliwe kabisa," alisema. Akatazama kama ngozi imechanika, akagusa vidole vya mguu, akapima mapigo juu ya wayo. "Mama, mguu ukiwa hivyo hivyo umenyooka, jaribu kuinua kisigino."

Mama alijaribu mpaka akauma mdomo. Kisigino hakikutoka mkekani.

"Hii ni pia ya goti imevunjika," tabibu akasema, akaagiza mbao ndefu na khanga.

Mimi niliona jambo moja tu: mama hatatembea tena, na dawa ninayo mimi. Nikarudi nyuma, nikaja mbio. Tabibu alinidaka gauni nimesharuka.

"Wewe mtoto, unataka kumwangukia mama yako?"

Nikalia kwa kwikwi, nikasema yote. Mjomba alicheka, bibi hakucheka. Tabibu aliufunga mguu na zile mbao, akaweka kitambaa cha maji baridi gotini, akakataza asile chochote maana huenda atapasuliwa. Wakampeleka hospitali Ifakara kwa gari la kubebea mpunga.

Alirudi na magongo. Wiki nyingi baadaye, mpunga umeshavunwa, aliniita. Alikaa mkekani, akanyoosha miguu, akainua kisigino taratibu, kikabaki juu.

"Umeona? Niliteleza tu mimi," alisema. Akakishusha. "Haya, sasa ruka urudi."

Nikaruka, kisha nikamkumbatia nikilia upya.

Leo mtu akinyoosha miguu mkekani, bado nazunguka. Najua lilikuwa tope, na najua mfupa uliungwa na daktari. Mama pia alijua. Mkosi ule hakuuamini hata kidogo. Mguu alininyooshea mimi.