Alikuwa Akisubiri Matokeo

Mwezi wa saba upepo wa Sumbawanga hauachi karatasi mezani, na steshenari tuliyokuwa tunafanyia kazi ilikuwa na mawe mengi kuliko kalamu. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina ajira. Rafiki yangu mwenye duka aliniweka kwenye kompyuta ya pili ili niwasaidie vijana waliomaliza kidato cha sita kuomba vyuo. Walikuja kutoka mjini, kutoka Laela, kutoka Mwimbi, wamejikunyata ndani ya masweta, wakakaa kwenye benchi kungoja zamu.

Kazi ile ilinitesa, maana mimi ni mtu wa kufikiri mara mbili, kisha kufikiri tena kama nimefikiri sawasawa. Kijana akisema ualimu, nawaza walimu wangapi ninaowajua wako nyumbani kama mimi. Akisema uuguzi, namuuliza kama anaweza kukesha. Foleni ilikuwa ndefu kwa sababu yangu, nao walijua.

"Kaka, mimi niwekee udaktari tu."

"Na hiyo D ya kemia?"

"Weka, kaka. Wewe siyo Mungu wa kukataa."

Benchi zima likacheka. Ndipo alipoingia mama mmoja amejifunga kitenge, na juu yake sweta ya shule iliyompwaya mikononi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitajia namba ya mtihani ya mwanawe kwa kichwa, bila kusoma popote. Niliiandika, ukurasa ukafunguka.

"Mama, hongera!" nilipiga kelele. "Daraja la kwanza! Leo kuku achinjwe. Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko Kasense."

"Mwite aje basi. Kozi lazima achague mwenyewe."

"Hawezi kuja, mwanangu."

"Mpigie simu, nitaongea naye mimi."

"Tulimzika mwezi uliopita."

Nilikuwa bado nimenyoosha mkono wa hongera. Niliurudisha kwenye kibodi kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Alieleza taratibu, bila kulia. Kijana alimaliza mitihani, akarudi nyumbani kusaidia kuvuna mahindi, akaugua, hakuchukua muda. Siku ya mazishi shemeji yake mama alisoma wasifu wa marehemu, kama tunavyofanya wote: kuzaliwa, ubatizo, shule. Kwa mtu mzima wasifu huendelea, kazi, ndoa, watoto, uongozi wa jumuiya. Wa mwanawe uliishia kwenye sentensi moja: mpaka mauti yanamfika alikuwa akisubiri matokeo ya kidato cha sita.

"Akakunja karatasi," alisema mama. "Watu wakaangaliana. Mwanangu ameishia kusubiri."

Jumamosi ilikuwa arobaini. Kuna ndugu wa mbali ambao hawakuwahi mazishi, hivyo wasifu ungesomwa tena. Alitaka nimwombee mwanawe chuo, wamchague, na isomwe kwamba alichaguliwa.

"Najua haendi," alisema. "Nataka tu wamtaje."

Hapo kichwa changu kikaanza kazi yake. Niliwaza kile kisanduku cha mwisho kwenye fomu, pale mwombaji anapothibitisha kwamba taarifa zote ni za kweli. Nikawaza kijana mwingine mahali fulani, anayekosa nafasi kwa sababu imeshikwa na marehemu. Nikawaza jina likitoka kwenye orodha, na chuo kikimtumia ujumbe wa kumkaribisha. Nikawaza wasifu wangu mwenyewe ungesomwaje kama ningekufa wiki ile: mpaka mauti yanamfika alikuwa akisubiri ajira.

"Mama," nilisema, "majina ya waliochaguliwa hayatoki kabla ya Jumamosi. Mfumo unachukua muda. Hata hawa watoto hapa watasubiri sana."

Nilifurahi kupata sababu isiyokuwa kosa langu. Yeye aliangalia chini.

"Basi iandikwe alichotaka kusomea."

"Alitaka nini?"

"Nilimuuliza. Akasema, mama, subiri, matokeo yakitoka nitakwambia."

Nilianza kumweleza kwamba kwa masomo yale angeweza kuomba hiki au kile, kutegemea na ushindani wa mwaka huo. Nilijisikia naongea, sikuweza kuacha. Ndipo binti mmoja wa mwisho kwenye benchi akasimama.

"Mama, shikamoo. Mimi namfahamu. Alikuwa anasema anataka udaktari wa mifugo."

"Mifugo?" Mama alimgeukia mwili mzima. "Yule? Alikuwa anakimbia hata beberu la jirani!"

Akacheka. Tulicheka wote, kwa shukrani, mpaka tulipoona kwamba kicheko chake kimegeuka na mabega yanatikisika. Binti alimshika mkono. Mimi nilichapa matokeo, na chini yake nikaandika: alikusudia kusomea udaktari wa mifugo. Mama alinitaka nimsomee, kisha nimsomee tena, akaikunja karatasi ndani ya kitenge. Akatukaribisha Kasense, mimi na binti, Jumamosi.

Zamu ya binti ilipofika nilifungua taarifa zake. Alikuwa amesoma Iringa. Yule kijana alikuwa amesoma hapahapa.

"Ulimfahamia wapi?" nilinong'ona.

"Simfahamu."

"Sasa ulichomwambia..."

"Kaka, yule mama alikuwa anakuangalia mdomoni, na wewe unamwambia mfumo, mfumo." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mifugo ndiyo naomba mimi. Ndicho kilichonijia. Endelea basi, wengine wanasubiri."

Siku zilizobaki sikufikiri kitu kingine. Nikinyamaza, ninashiriki kumzika kijana yule na ndoto ya mtu mwingine. Nikisema, namfukia mara ya pili. Jumamosi nilikwenda Kasense peke yangu, nimeamua kumwambia mama kabla wasifu haujasomwa.

Nilichelewa, au yeye aliwahi. Ua mzima ulikuwa umeshapata habari. Mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda alikuwa anasimulia kwamba mwaka juzi ng'ombe wake alizaa kwa shida, na kijana alikuja akasimama zizini muda mrefu bila kusema neno.

"Kumbe alikuwa anasoma!" alisema mzee. "Mimi nikamfukuza. Nikamwambia, hii siyo sinema."

Watu wakatikisa vichwa. Mwingine akakumbuka kijana alivyokuwa akiwaangalia kuku wake. Katekista alipomaliza sala, shemeji alisimama akasoma, na alipofika kwenye udaktari wa mifugo alipandisha sauti. Wanawake walipiga kigelegele kimoja kifupi, kisha wakaona aibu. Niliona lile neno limekwisha kuwa mali ya wote pale uani, na mimi sina tena mahali pa kulishika nilitoe.

Baadaye mama aliniletea chakula mwenyewe, akachuchumaa karibu yangu.

"Nakushukuru, mwanangu. Imesomwa vizuri."

"Ndiyo, mama."

Hakuinuka. Alikuwa anazungusha kifuniko cha bakuli juu ya goti.

"Alimwambia yule binti," alisema. "Na zizini kwa mzee alikuwa anakwenda. Mimi ndiye niliyeambiwa nisubiri." Aliniangalia kama vijana wanavyoniangalia wakingoja niwajibu. "Kwa nini mimi hakuniambia?"

Nilifungua mdomo. Jibu la kumponya nilikuwa nalo, kwamba hakumwambia mtu yeyote. Lakini lingemrudisha mwanawe kwenye ile sentensi aliyoishia, mbele ya watu wote wale ambao walikuwa wanakula na kumwita daktari.

"Labda alitaka kukushtukiza, mama," nilisema.

Alifikiri juu ya hilo. "Labda," akasema, kisha akaitwa jikoni, akaenda.